Saa za Gati Ni Mali ya Nani?



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Redio husoma bei hizo mkoa kwa mkoa, sisi tunapiga hesabu ya nauli, na mjadala huishia hapo. Lakini bei ya lita moja ina mchanganuo wake. Ndani ya mchanganuo huo, pamoja na bei ya soko la dunia, kodi, tozo na faida ya muuzaji, kipo kipengele ambacho wengi wetu hatujawahi kukiulizia. Ni gharama ya meli kusubiri. Watu wa bandarini wanaiita dimareji. Kila unapojaza mafuta kwenye bodaboda yako, iwe Mbagala au Tunduma, sehemu fulani ya fedha yako inalipia siku ambazo meli ilikaa nangani, imejaa shehena, ikingoja zamu ya kushusha.

Zamu hiyo ndiyo mada yangu ya leo. Nani anaipanga, anaipanga kwa kuangalia nini, na kwa nini inavurugika. Nina jambo moja la kusema na nitalisema mapema, ili anayeshuka kwenye daladala kabla hatujamaliza asilikose. Tumezoea kuipima bandari kwa urefu wa magati na ukubwa wa kreni, ilhali kitu kilicho adimu kuliko vyote pale bandarini ni saa. Saa za gati ni mali ya umma, hata pale gati linapoendeshwa na kampuni binafsi, na namna zinavyogawanywa inapaswa kuonekana na kila anayezilipia.

Tuanze na dimareji yenyewe, maana watu huichanganya na ile tozo ya kontena kukaa bandarini kupita siku zake za bure. Ninayoizungumzia mimi ni ya meli nzima. Mwenye mzigo anapokodi meli, mkataba humpa muda maalumu wa kupakia au kupakua. Meli ikifika, nahodha anaandika taarifa rasmi kwamba amewasili na yuko tayari. Kuanzia hapo, baada ya saa chache zilizotajwa mkatabani, muda unaanza kuhesabiwa. Ukiisha kabla mzigo haujashuka wote, mwenye mzigo analipa kwa kila siku inayozidi, na kwa meli kubwa ya mafuta malipo hayo yanaweza kufika makumi ya maelfu ya dola kwa siku moja. Mara nyingi mkataba haujali kwamba meli haikupata gati. Umefika, umetoa taarifa, saa inakwenda. Dola zinatoka nje ya nchi, halafu shilingi za kuzifidia zinatafutwa mifukoni mwetu.

Hii ni moja ya sababu zilizoifanya Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2010, iingie katika mfumo wa kuagiza mafuta kwa pamoja, ambao sasa unasimamiwa na wakala wa Serikali, PBPA. Kabla ya hapo kila kampuni ilileta meli yake kwa wakati wake, nyingine ndogo, zote zikaja kubanana kwenye sehemu zilezile za kushushia. Kuagiza kwa pamoja kulileta meli kubwa zaidi na chache zaidi, zikiwa na tarehe zilizopangwa. Hakuna gati jipya lililojengwa kwa uamuzi huo. Kilichobadilika ni ratiba.

Sasa twende kwenye meza inapopangwa zamu.

Katika bandari nyingi duniani kipo kikao cha kila siku, wakati mwingine cha dakika chache tu. Wanakaa mawakala wa meli, waendeshaji wa magati, watu wa ofisi ya nahodha wa bandari, na wasimamizi wa vifaa. Mbele yao kuna mchoro, zamani wa karatasi, siku hizi wa kompyuta. Upande mmoja wa mchoro ni urefu wa magati kwa mita. Upande wa pili ni saa na siku. Kila meli ni mstatili. Upana wake ni urefu wa meli pamoja na nafasi ya kamba mbele na nyuma, na kimo chake ni saa itakazokaa. Kazi ya mpangaji ni kuipanga mistatili hiyo yote pasiwe na mmoja unaopanda juu ya mwingine, na pabaki nafasi tupu chache kadiri inavyowezekana.

Ukiisikia hivyo, kazi inaonekana nyepesi. Si nyepesi hata kidogo. Mwaka 1998 mtafiti Andrew Lim alionyesha kwamba upangaji wa magati uko katika kundi la matatizo magumu kabisa ya hesabu, yale ambayo hayana njia ya haraka inayojulikana ya kupata jibu lililo bora kuliko yote kadiri meli zinavyoongezeka. Mjapani Akio Imai na wenzake wameandika kwa miaka mingi kuhusu namna ya kupata angalau jibu zuri la kutosha pale ambapo meli zinaendelea kuwasili huku mpango unaendelea kuchorwa. Kwa hiyo ukisikia afisa wa bandari analalamika kwamba kupanga meli ni kazi ngumu, mwamini. Wataalamu wa hesabu wako upande wake.

Na mchoro huo haujaingiza bado mambo ya baharini. Meli iliyosheheni imezama mita nyingi chini ya maji, na gati lina kina chake. Mradi wa kuboresha bandari ya Dar es Salaam, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2017, ulilenga kuchimba na kuimarisha gati namba 1 hadi 7 zifikie kina cha mita 14.5, pamoja na kujenga gati jipya la meli za magari lililopewa namba 0. Kabla ya uchimbaji huo, nafasi iliweza kuwapo gatini, meli ipo nje, na bado isiweze kuingia kwa sababu tumbo lake lingegusa chini. Halafu kuna maji kujaa na kupwa. Pwani yetu hupata bamvua kubwa, tofauti ya maji makuu na maji kupwa ikipita mita tatu. Meli nzito hungoja maji yajae. Ukikosa maji ya asubuhi, unaweza kulazimika kungoja ya jioni, na kama jioni imekuwa giza na sheria za mahali hapo haziruhusu meli ya ukubwa wako kupita usiku, umepoteza siku.

Wakazi wa Kigamboni hawahitaji kuelezwa habari ya lango la bandari. Mmesimama pale Feri, pantoni imeshajaa, milango imefungwa, mama ana ndoo ya samaki, vijana wa bodaboda wameshazima pikipiki, na pantoni haiondoki. Mnatazama baharini mnaona sababu yake. Omo la meli kubwa linatokeza polepole kati ya ufukwe na ufukwe, tagi moja mbele, nyingine nyuma, zile boti fupi zenye nguvu za kuvuta na kusukuma, na juu kabisa kwenye daraja la meli yupo rubani wa bandari anayempa nahodha maelekezo. Pantoni inapisha. Wenzetu wa Mombasa wana jambo hilohilo pale Likoni, kwa sababu feri yao nayo inakata njia ya meli zinazoingia Kilindini. Meli mbili kubwa hazipishani katika lango la namna hiyo. Kwa hiyo mpangaji hana tu magati ya kugawa. Anagawa pia lango, marubani na tagi. Meli mbili zikimaliza kazi saa ileile na tagi ni chache, moja itabaki imefungwa gatini bila kazi yoyote, na ile iliyopangiwa nafasi yake itabaki nangani.

Nikae kidogo kwenye meli ya shehena ya kichele, yaani ngano, mbolea au sukari isiyofungashwa, maana hapo ndipo ratiba huvunjika kwa namna ambayo mtu wa mjini haioni. Meli imefunga. Kreni inateremsha koleo kubwa la chuma kwenye tumbo la meli, linauma tani kadhaa za ngano, linapanda, linazunguka hadi juu ya hopa, linafunguka. Chini ya hopa kuna lori. Lori likijaa linakwenda mzani, lingine linaingia. Sasa lori lisipoingia, koleo linaning'inia hewani. Kreni ipo, dereva wa kreni yupo, vibarua wako tumboni mwa meli na sepetu zao, lakini kazi imesimama kwa sababu malori yamekwama barabarani, au ghala la mwenye ngano limejaa, au karatasi fulani haijagongwa muhuri. Meli inalila gati. Na mvua ikianza, ndio basi. Ngano na mbolea hazishushwi mvuani. Mifuniko ya tumbo la meli inafungwa, watu wanajikinga, na saa inaendelea kuhesabu. Mpangaji aliyeiandikia meli hiyo siku tano mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, bila kuweka nafasi ya mvua, ametoa ahadi ambayo mbingu zitaivunja.

Ndiyo maana nasema foleni ya baharini mara nyingi ni mwisho wa foleni iliyoanzia nchi kavu. Kontena likishushwa haraka halafu yadi ikajaa, kreni zitapunguza mwendo zenyewe, kwani hakuna pa kuweka. Reli ya kisasa ya Kenya ilipoanza kubeba makontena kwenda bandari kavu ya Nairobi mwaka 2018, wafanyabiashara waligombana sana kuhusu gharama na kuhusu kulazimishwa kuitumia, na hoja zao zilikuwa na uzito. Kwa gati, hata hivyo, kila treni inayoondoa makontena yadini ni saa inayorudishwa kwa meli inayofuata. Hapa kwetu bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani ipo kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nataka niwape hesabu moja, nayo ndiyo moyo wa mazungumzo haya. Nitaieleza kwa kinyozi.

Fikiria kinyozi mwenye kiti kimoja. Wateja wanakuja bila miadi, wakati wowote. Mmoja anataka kunyoa kipara, dakika kumi. Mwingine anataka staili ya saa nzima. Kwa wastani, tuseme kila kichwa ni nusu saa. Kama kiti kina mtu nusu ya muda wa siku, yaani asilimia 50, mteja wa kawaida atasubiri kwa wastani nusu saa kabla ya kukaa. Kiti kikiwa na mtu asilimia 80 ya muda, kusubiri kunakuwa saa mbili. Kikifika asilimia 90, ni saa nne na nusu. Angalieni vizuri. Kinyozi hakulegea. Amefanya kazi zaidi kidogo tu kuliko alipokuwa kwenye asilimia 80, lakini foleni yake imekuwa zaidi ya mara mbili. Hivyo ndivyo hesabu ya foleni inavyokwenda pale ambapo wateja wanafika kiholela na kazi zao hazilingani urefu, na gati moja lenye meli za namna hiyo hufuata mkondo huohuo.

Kwa hiyo kiongozi anayesimama na kujisifu kwamba magati yake hayajawahi kuwa tupu hata saa moja, anatusomea, bila kukusudia, taarifa ya msiba wa wenye meli na wenye mizigo. Shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilitoa mwongozo wa wapangaji wa bandari katika nchi zinazoendelea mwaka 1985. Kwa shehena mchanganyiko, mwongozo huo ulishauri kwamba gati lililo peke yake lisilengewe kutumika zaidi ya asilimia 40 ya muda, na kundi la magati 6 hadi 10 yanayotumika kwa pamoja lisizidi asilimia 70. Vifaa vimebadilika sana tangu wakati huo, na kituo cha makontena chenye ratiba ngumu kinaweza kufanya kazi zaidi ya hapo. Lakini maana yake haijachakaa. Saa tupu ya gati ni akiba ya kupokea meli iliyochelewa, mvua isiyotarajiwa, kreni iliyoharibika.

Mwongozo huo unafundisha pia jambo la pili, ambalo kwa Dar es Salaam ya leo lina uzito wa pekee. Magati yanayotumika kwa pamoja yanastahimili msongamano kuliko magati yaliyogawanywa. Oktoba 2023 Serikali ilitia saini mikataba ya uendeshaji na DP World ya Dubai kwa sehemu ya bandari, na mwaka 2024 kituo cha makontena cha gati namba 8 hadi 11 kikaenda kwa kampuni ya Adani ya India, kwa miaka 30. Nchi nzima ilibishana. Bungeni, misikitini, makanisani, vijiweni, mitandaoni, watu walibishana kuhusu umiliki, muda wa mkataba na sheria itakayotumika. Ubishi huo ulikuwa halali, na nchi ambayo watu wake hawaulizi habari za bandari yao ingekuwa na tatizo kubwa zaidi. Ila swali la saa halikupata nafasi kubwa. Kituo kimoja kikiwa kimefurika na kingine kina gati tupu leo usiku, nani ana mamlaka ya kuisogeza meli? Kwa utaratibu gani, kwa malipo ya nani, na ndani ya saa ngapi uamuzi utolewe? Waendeshaji wawili wanaoshindana wanaweza kuwa jambo jema kwa bei na kwa mwendo wa kazi. Lakini bila utaratibu wa kuazimana nafasi, tunaweza kuwa na foleni upande mmoja na ukuta mtupu upande wa pili, ndani ya bandari moja, siku moja. Hapo ndipo Mamlaka ya Bandari, TPA, kama mwenye nyumba, inapaswa kuwa na sauti inayosikika.

Mombasa walichagua dawa nyingine kwa meli za makontena, nayo inafaa kutazamwa. Ni utaratibu wa madirisha. Kampuni ya meli yenye safari ya kila wiki inapewa siku yake na saa zake. Ikifika ndani ya dirisha, gati linaingoja. Ikichelewa, imelipoteza, inakwenda kupanga foleni. Kwa kampuni kubwa zinazozunguka bandari nyingi hilo ni jambo la thamani, kwa kuwa zinajua zitaondoka lini. Tatizo ni kwamba dirisha la meli iliyochelewa linabaki wazi, na nje kuna nahodha mwingine anayeliona gati tupu kwa darubini na haambiwi kwa nini haingii. Kukata shauri hapo kunahitaji sheria inayojulikana kabla, siyo simu inayopigwa baadaye.

Gati jipya nalo lina mipaka yake. Mombasa ilifungua awamu ya kwanza ya kituo cha pili cha makontena mwaka 2016, ikaongeza awamu ya pili mwaka 2022, zote kwa mikopo ya Japani. Dar es Salaam ilipata magati yake matatu ya kwanza ya kina kirefu mwaka 1956, na kabla ya hapo meli zilitia nanga katikati ya maji, matishari yakabeba mizigo hadi ufukweni. Kisha Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, Zambia ikageuza mizigo yake kuelekea kwetu, na bandari iliyokuwa inatosha ikawa haitoshi. Tukajenga, tukafika magati 11. Baadaye yakajaa tena. Tuendelee kujenga, sipingi, mizigo ya Kongo, Zambia, Malawi, Rwanda na Burundi inaongezeka. Ninachokataa ni kujenga ili kukwepa swali la mgawanyo.

Kwa sababu hakuna gati linaloweza kuiokoa nchi isiyopanga. Mwaka 1975 nchini Nigeria, fedha za mafuta zikiwa zimefurika, serikali ya Jenerali Yakubu Gowon ilijikuta imeagiza takriban tani milioni 20 za saruji zije ndani ya muda mfupi. Bandari ya Lagos ingeweza kupokea kama tani milioni moja tu za saruji kwa mwaka. Mamia ya meli zikatia nanga nje ya Lagos. Dawa za hospitali, chakula na vipuri vikakwama katika foleni ileile na saruji. Kwa kuwa mikataba ilikuwa na dimareji nono, zilikuwapo meli kuukuu zilizokuja kwa ajili ya malipo ya kusubiri, mzigo ukiwa kisingizio tu. Saruji ikagandia matumboni mwa meli. Yote hayo yalianzia mezani, kwa watu waliotia saini maagizo bila kumuuliza mpangaji wa magati hata swali moja.

Mfano wa tiba ninaoupenda unatoka upande mwingine wa dunia. Mwaka 2021, Wamarekani wakiwa wamejifungia ndani na kununua vitu kwa wingi, bandari za Los Angeles na Long Beach zilielemewa. Kufikia Novemba meli zilizosubiri zilikuwa zinakaribia mia. Kanuni ya wakati ule ilikuwa kwamba meli inaingia kwenye foleni inapofika kimwili karibu na bandari. Kwa hiyo kila nahodha alitoka China mbio, akachoma mafuta mengi, akafika, akatia nanga, akakaa wiki. Katikati ya Novemba mwaka huo wakabadilisha kanuni. Nafasi ya meli katika foleni ikaanza kuhesabiwa tangu ilipoondoka bandari yake ya mwisho. Ukishaondoka, namba yako unayo, hakuna wa kukuruka. Basi kukimbia kukapoteza faida. Meli zikapunguza mwendo, zikasubiri mbali katika bahari kuu, na nanga za karibu na ufukwe zikapungua. Shehena haikupungua siku ile, wala kreni haikuongezwa. Kilichogeuzwa ni kanuni moja ya zamu.

Faida ya mafuta hapo si ndogo. Nguvu inayohitajika kuisukuma meli hupanda takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo wake. Ukipunguza mwendo kwa asilimia 10 tu, injini inaomba nguvu pungufu kwa zaidi ya robo. Shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, IMO, lilisaidia kutoa mwongozo wa meli kufika kwa wakati mwafaka mwaka 2020, na mwaka uliofuata chama cha wenye meli, BIMCO, kikaandaa kifungu cha mkataba kinachomruhusu nahodha kupunguza mwendo bila kuhesabiwa kuwa amevunja makubaliano. Kifungu hicho kilihitajika kwa sababu mikataba ya zamani inamtaka nahodha akimbie hata kama anajua anakimbilia foleni. Lakini vyote hivyo vinategemea kitu kimoja, kwamba bandari ikimwambia nahodha gati lako ni Alhamisi alfajiri, iwe kweli Alhamisi alfajiri. Nahodha aliyedanganywa safari mbili hatapunguza mwendo safari ya tatu. Atakuja mbio, atatia nanga, atatoa taarifa yake, na sisi tutalipa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye ombi langu kwa mamlaka zetu, ya Tanzania na ya Kenya. Orodha za meli zinazotarajiwa zinatolewa, Mombasa hutoa ya siku 14 mbele, na ni jambo zuri. Ninachotaka kiongezwe ni upande wa pili wa orodha. Meli ikishaondoka, yaandikwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusoma: siku ilipotia nanga, siku iliyoahidiwa gati, siku iliyofunga gatini kweli, saa ilizofanya kazi na saa ilizosimama, na sababu ya kusimama. Mvua, lori, kreni, karatasi, tagi. Na kama meli iliyokuja nyuma iliingia mbele, sababu iandikwe kwa neno lake. Wakati mwingine sababu itakuwa njema kabisa. Meli ya mbolea kurukishwa foleni mwezi wa Oktoba ni haki, kwani mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba au Desemba, na mfuko unaofika Songwe mahindi yakiwa yameshaota haumsaidii aliyetaka kupandia. Nitakuwa wa kwanza kuutetea uamuzi huo, mradi umeandikwa.

Najua watakaosema hizi ni siri za biashara. Bei aliyolipa mwenye ngano ni siri yake, nakubali. Siku ambayo meli yenye urefu wa mita 200 ilipita mbele ya abiria wote wa pantoni ya Kigamboni haiwezi kuwa siri. Mtu mwenye simu anaweza kuziona meli zikielea kwenye ramani za intaneti, jina kwa jina. Tunachonyimwa ni sababu tu, nazo ndizo zinazobainisha kama dimareji ya mwezi huu tumeilipia mvua ya Mungu au tumelilipia faili lililolala mezani kwa mtu.

EWURA inaweza kuanza hata kabla ya bandari. Kipengele kile cha meli kusubiri tayari kina tarakimu yake kwenye mchanganuo wa bei. Kando ya tarakimu hiyo uwekwe mstari mmoja wa maelezo: ni meli ngapi zilisubiri, siku ngapi, na kwa sababu gani. Sisi wa redio tutausoma pamoja na bei za mikoa, mkoa kwa mkoa, kama tunavyosoma sasa.